Jiwe Lenye Jina la Aliye Hai

Sehemu ya kumi na moja

Ile picha bado iko mezani, msomaji. Tangu toleo lililopita hakuna aliyeigusa. Jiwe la kaburi la kijivu, majina mawili. Kushoto ARDIS, na miaka yake miwili, wa kuzaliwa na wa kufa. Kulia ORRIN, na mwaka mmoja tu, 1955, kisha kistari, na baada ya kistari hakuna kitu.

"Hili ndilo litakalokumaliza, Mzee Orrin," mhasibu wake Joyelle Bakke alikuwa amesema, na hapo ndipo mhariri aliponikata mkono.

Orrin Tollefsrud, mgane wa miezi minane, aliitazama picha kama mtu anayetazama risiti ya duka.

"Ni jiwe letu," alisema.

"Najua ni lenu. Mkaguzi wa kodi naye atajua. Atakuja pale makaburini, atapiga magoti kwenye nyasi, atapiga picha kama hii niliyopiga mimi. Halafu atakuuliza swali moja tu."

"Lipi?"

"'Mzee, kwenu ni wapi?'"

Aliyeanza kusoma leo nimshike mkono nimvushe, kisha twende mbio.

Orrin anauza hisa zake katika kiwanda cha mashine ambazo wavuvi hutobolea barafu ya ziwani, kiwanda alichokijenga yeye na mkewe, yeye karakana, Ardis vitabu vya hesabu. Tarehe ishirini na tisa Mei anatia saini. Siku tatu baadaye anapanda ndege kwenda Tainan, Taiwan, kwa binti yao Maren, akaishi huko moja kwa moja. Kodi ya Marekani itamfuata huko huko mpaka kufa, hiyo haina dawa. Kodi ya jimbo la Minnesota ndiyo yenye dawa: siku ya kusaini, usiwe mtu wa Minnesota. Ukiweza hilo, fungu la kumi la mauzo linabaki kwako.

Tatizo ni kwamba Minnesota haimwachii mtu kwa kuwa tu amepanda ndege. Mpaka uwe na kwenu kwingine, wewe bado ni wake. Kwa hiyo mwezi Machi Orrin alivuka mpaka akaingia South Dakota, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato, akalala usiku mmoja hoteli ya barabarani, akaamka mtu wa South Dakota. Akapata sanduku la barua na leseni ya udereva. Usicheke. Wanaohama nchi hufanya hivyo kila mwaka, na sheria inawaruhusu.

Orodha nzima ilikuwa ya Ardis. Sehemu kubwa aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, kabla kifua hakijamlaza: gari lisajiliwe upya, kura ihamishwe, daktari wa meno abadilishwe, barua ya kuhama ushirika iombwe kwa mchungaji, leseni ya uvuvi inunuliwe ya mgeni hata kama ni ghali. Nyumba ikauzwa. Orrin akapanga trela la kuishi ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja, na kila akimaliza jambo analikata kwa penseli. Hakuwa na huzuni wala furaha. Alikuwa na ganzi, basi, kuanzia utosini.

"Watu wengi hununua kaburi mapema," alisema sasa. "Si kosa."

"Kaburi tupu si kosa. Kaburi lenye jina lako ni neno jingine. Na hii je?"

Joyelle akaweka karatasi ya pili juu ya picha. Ilikuwa fomu ya mchonga mawe, ya Oktoba. Kwenye mstari wa maelezo, kwa mkono wa Orrin mwenyewe, yaliandikwa maneno haya: Upande wa kulia ni wangu. Nitakuja.

"Umeipata wapi?"

"Umeniletea wewe, mzee wangu. Ndani ya lile boksi la stakabadhi."

"Ardis aliandika nilete stakabadhi zote."

"Na ukaleta zote, Mungu akubariki. Sasa niambie. Mtu mzima, na akili zako, jina lako ulilichongesha la nini ungali unapumua?"

"Walikuwa na punguzo," Orrin alisema. "Majina mawili siku moja, unalipia moja na nusu."

Ndivyo walivyo watu wetu wa huku. Mtu amefiwa, mbele haoni, lakini punguzo ataliona tu. Mimi nimeishi nao miaka mingi na sijamwona hata mmoja aliyelipita dirisha la bei nafuu bila kugeuza shingo. Punguzo la dola mia nne, na sasa linataka kumla mtu dola laki tatu.

Joyelle alivua miwani. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa maneno, mwenye viatu vyekundu ambavyo mji mzima wa Nysted, huku Minnesota, umeshavijadili.

"Nisikilize. Neno zima la sheria liko hapa: kwako ni pale unapokusudia kurudi. Si unapolala, ni unapokusudia kurudi. Nimeona mkaguzi akimuuliza mtu mbwa wake analala wapi. Nimeona wakihesabu vikombe vya mashindano ya shule. Na wewe una jiwe la granaiti linalosema utarudi, na fomu inayosema utarudi."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Uza nafasi yako. Uiuze kweli, kwa mtu wa kweli, na jina lisagwe kabla ya tarehe ishirini na tisa. Na nisisikie mambo ya kukonyezana, eti fulani akushikie mpaka utakapoletwa. Huko ni kuidanganya serikali, na mimi nina cheti changu na watoto wawili. Kama una nia ya kurudi, sema sasa hivi. Tunafunga faili, unalipa fungu la kumi, tunakunywa kahawa, yamekwisha."

Orrin alijitafuta ndani kama unavyotafuta funguo mfukoni. Hakukuta nia ya kurudi. Hakukuta nia ya kwenda pia.

"Haya," alisema.

"Haya ipi?"

"Ya kuuza."

Neno hilo amelisema miezi minane. Alilisema hospitali, alilisema kwa mchungaji, alilisema kwa watu walionunua nyumba wakauliza kama wanaweza kuukata mti wa tufaha wa Ardis.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne asubuhi alishuka ngazi za chini ya kanisa, ambako wanawake hupika kwa ajili ya mazishi na harusi. Alimkuta Gudny Rask peke yake, anasukuma chapati za viazi. Gudny ni mdogo wake Ardis, na ndiye mwenye daftari la makaburi ya kanisa. Ukitaka kuzikwa Nysted, unapita kwake.

"Shemeji, una sura ya mtu aliyekula sabuni," alisema bila kuinua kichwa. "Kahawa?"

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Usijisumbue. Nimeleta hati."

"Hati gani?"

"Ya kaburi. Upande wangu. Nauza."

Kifimbo cha kusukumia kilisimama katikati ya donge.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umepata mwanamke?"

"Hapana."

"Basi ni yule mhasibu wako wa viatu vyekundu."

"Ni mambo ya kodi, Gudny."

"Kodi." Gudny alijifuta unga polepole, kidole kimoja kimoja. "Dada yangu alale pale na mtu baki mpaka parapanda ilie, kwa sababu ya kodi. Mkataa kwao mtumwa, shemeji, hujasikia?"

"Sikatai kwetu. Nafuata orodha. Na orodha ni ya dada yako."

Hapo alimpata. Gudny naye alikuwa ameshika kalamu kitandani siku ambazo mkono wa Ardis ulikuwa mzito.

"Mimi sikumbuki kuandika kaburi," alisema mwishowe.

"Hukuandika. Uliandika la mwisho kabisa: 'Na lolote atakalosema Joyelle.'"

Gudny aliipokea hati kwa ncha za vidole.

"Kanuni unaijua. Mtu wa nje hauziwi. Nabandika tangazo kwa washirika, wa kwanza kuleta hundi ndiye. Na wewe ukifa huko?"

"Wataona la kufanya."

"Huko wanachoma watu."

"Haya."

Kwa watu wa Nysted kahawa hukataliwa mara mbili ikapokelewa ya tatu, hata mtoto anajua. Gudny alikuwa ameuliza mara mbili. Aligeukia donge lake akaendelea kusukuma, na Orrin akapanda ngazi akiwa hajanywa kitu.

Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, simu ililia ndani ya trela.

"Limenunuliwa," Gudny alisema.

"Mapema hivyo?"

"Nimebandika saa mbili. Saa tatu mtu yuko mlangoni, hundi mkononi, kofia kifuani."

"Nani?"

"Keti kwanza."

"Nimekaa."

"Hujakaa, nasikia buti zako. Wendell Skaar."

Orrin alikaa.

Wendell Skaar ni mkulima wa mahindi, kapera, wa miaka sabini na moja. Kwaya yetu ina safu mbili, na kwa miaka arobaini na saba Wendell amesimama nyuma ya bega la kushoto la Ardis. Hajawahi kumgusa hata ukosi. Mji mzima ulijua, na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu, hakuna aliyewahi kutamka. Mke wa Orrin alikuwa akitoka kuimba akirudi nyumbani kwa mumewe, na Wendell akirudi kwa ng'ombe wake, na maisha yakaenda.

"Kufa kufaana," Gudny alisema kwenye simu. "Amemtazama kisogo maisha yake yote. Sasa anakwenda kulala naye ubavuni, na karatasi anayo. Sema kitu, shemeji."

"Amelipa bei kamili?"

"Kamili," Gudny alisema. "Hakuomba hata punguzo." Akakata.

Saa sita mchana Orrin alisaini kanisani. Akampigia Delmer mchonga mawe, wakapatana jina lisagwe Ijumaa. Akampigia Joyelle, akamtajia jina la mnunuzi.

"Ndugu yako?" Joyelle aliuliza.

"Hapana."

"Rafiki yako?"

"Hapana."

"Mmewahi kuzungumza lolote juu ya kaburi hilo?"

"Tangu mwaka sabini na nane hatujazungumza zaidi ya hali ya hewa."

"Basi mnunuzi bora kuliko huyo hayupo. Kesho twende kwake wote. Nataka atie saini kwamba hakuna ahadi kati yenu. Muhuri ninao."

Orrin aliwasha gari arudi ng'ambo ya mpaka. Alikuja kushtuka yuko maili ishirini kupita njia panda yake, mbele yake mashamba ambayo hakuyajua. Alizima injini, akakaa. Hakuweza kusema alikuwa akiwaza nini, kwa maana hakuwa akiwaza. Aligeuza gari akarudi.

Alhamisi. Shikeni viti.

Jiko la Wendell Skaar lilikuwa safi kuliko ilivyo kawaida kwa mtu anayeishi peke yake. Meza yenye kitambaa cha nailoni, vikombe vitatu, sahani ya biskuti za dukani alizozipanga duara. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Amekonda, Orrin aliona, ukosi unapwaya shingoni.

"Mvua kesho," Wendell alisema.

"Wanasema," Orrin alijibu.

"Mahindi yataipenda."

"Yataipenda, ndiyo."

Joyelle hakuwa na subira na mahindi. Alisukuma karatasi yake katikati ya meza.

"Mzee Skaar, hii ni fupi. Inasema umenunua nafasi kwa matumizi yako, na hakuna ahadi wala maafikiano, ya mdomo au ya maandishi, kwamba utamrudishia Mzee Orrin au kumshikia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi saini hapa."

Wendell aliichukua kalamu, akaishika, akairudisha mezani.

"Nina swali kwanza. Kwake yeye."

"Maswali hayahitajiki," Joyelle alisema.

"Kwenye jiko langu yanahitajika, mama." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kisha akamgeukia Orrin. "Nilimposa kabla yako. Ulijua?"

"Hapana."

"Mwaka sabini na nane, baada ya mavuno. Akasema atafikiri. Nikampa muda afikiri. Ukaja wewe na lile lori la kijani."

"Lilikuwa la baba yangu," Orrin alisema.

"Nilijua ni la baba yako. Nilitaka kumwambia. Nikaona si adabu."

Wote wawili walitazama biskuti.

"Kongosho langu limeoza," Wendell aliendelea, kwa sauti ile ile aliyosemea mahindi. "Daktari amenipa mpaka mavuno, au kabla kidogo. Sina mke, sina mtoto, ndugu yangu wa mwisho yuko Oregon na hatupigiani simu. Lazima niwekwe mahali, Orrin. Nilipoona mahali penyewe panauzwa, sikufikiri mara mbili. Maisha yangu yote nimefikiri mara mbili."

"Pole," Orrin alisema.

"Si mbaya. Usiku ndio hunisumbua."

Alikunywa kahawa kidogo.

"Lakini pale ni kitanda chako. Mimi si mwizi. Kwa hiyo nauliza mara moja, mbele ya mama huyu, asije mtu akasema nilikunyemelea. Una nia ya kurudi?"

"Usijibu," Joyelle alisema. "Mzee Orrin, nakuomba usijibu."

"Ukisema utarudi," Wendell alisema, "naichana ile hati sasa hivi, na mimi watanitupia kona yoyote. Ukisema hurudi, nalala pale. Na sitamsonga. Nitakaa kando kabisa, nakuahidi."

"Nikitamka," Orrin alimuuliza Joyelle polepole, "inakuwaje?"

"Mimi nimesikia. Na mimi sisemi uongo mbele ya mkaguzi. Ukitamka unataka kurudi Minnesota, wewe ni mtu wa Minnesota, hata ungekuwa na leseni kumi za South Dakota. Orodha yote imekufa. Laki tatu na elfu kumi zimekwenda. Jasho la miaka thelathini na moja, la kwako na la Ardis. Na ulisema Jumatatu, mbele yangu, kwamba huna nia."

"Sikuwa nayo."

"Basi."

Msomaji, wewe umeshawahi kukaa juu ya barafu mpaka vidole vife? Wazee wa huku watakwambia vikifa haviumi. Unaweza kuvigonga kwa nyundo. Maumivu huja ukiingia ndani, damu inaporudi, na hapo mwanamume mzima hukaa jikoni akalia na hakuna anayemcheka.

Orrin alimtazama mtu yule aliyevaa shati la kanisani kwa ajili ya ugeni wao. Akamwona amelala upande wa kulia. Akamwona kando kabisa, kama alivyoahidi, mikono kifuani, hamsongi. Akamwona Ardis kushoto, kimya, ambaye kila siku alilala akimpa mgongo na nyayo zake za baridi akizisukuma kwenye miguu ya mumewe, Januari na Julai, mpaka zipate moto. Zile nyayo, ni nani mwingine aliyezijua?

Ilimuuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba kitu chochote kumuuma, na aliishika meza kwa mikono miwili.

"Mzee Orrin," Joyelle alisema. "Twende nje tupunge upepo."

"Nitarudi," Orrin alisema.

Wendell aliweka kikombe chake mezani.

"Naenda Tainan kumwona mjukuu wangu. Nitakaa, sijui miaka mingapi. Lakini nitarudi nilale pale. Kwetu ni pale. Andika, binti. Andika vile vile nilivyosema."

"Unajua umesema nini?"

"Najua."

"Na orodha ya Ardis?"

"Orodha ilikuwa nzuri," Orrin alisema, na sasa machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta. "Lakini ilikuwa ya watu wawili wanaohama. Hakuiandika akijua atabaki."

Wendell Skaar aliinuka taratibu, akafungua droo ya vijiko, akatoa hati mpya ya kanisa, bado imekunjwa mara tatu. Akaiweka mezani, mbele yake, akaifunika kwa kiganja.

Na wakati huo huo simu ya Orrin ikalia.

Aliichukua kwa mazoea tu, mkono umelowa. Alibonyeza vibaya, na sauti ya Delmer ikajaa jiko zima, sauti ya mtu mwenye furaha ya kazi, na nyuma yake upepo.

"Mzee Orrin? Delmer hapa, wa mawe. Kesho wanasema mvua, nikaona nije leo. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?" Orrin aliuliza.

"Jina. Nimesaga upande wote wa kulia, nikapiga msasa. Limetoka safi, mzee, ukipitisha mkono hutajua palikuwa na mtu."

Orrin alifumba macho.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Sasa nilitaka kuuliza. Mashine nimeshaishusha kwenye gari na jua bado lipo. Hili jina la Bwana Skaar, nilichonge leo leo? Maana alishalipa tangu Jumatatu."

Wendell hakuinua kiganja chake juu ya hati.

Jumatatu. Hati ya kaburi Orrin aliipeleka kwa Gudny Jumanne. Tangazo lilibandikwa Jumatano. Jumatatu, duniani kote, waliojua kwamba nafasi ile itauzwa walikuwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa Orrin mwenyewe.

Aligeuka polepole kumtazama wa pili. Joyelle Bakke alikuwa ameshasimama, mkoba begani, anakusanya karatasi zake.